Gari la Baba na Saa ya Heri

Mnajimu alisema bibi harusi atoke nyumbani asubuhi, gari liwe limeelekea kaskazini, na magurudumu yaanze kuzunguka kabla saa ya heri haijapita. Hakusema gari gani. Hapo ndipo dada yangu Hansani alipopata mwanya. Alitangaza mezani, mbele ya mama, nyanya na mimi, kwamba atatoka kwa Morris ya baba au atatoka kwa miguu, na hata kwa miguu ataelekea kaskazini.

Nyanya aliweka chini tonge la wali. Mimi nilisema kwa miguu atafika mapema zaidi.

Morris Minor yetu ni ya kijivu na imemzidi mama umri, ingawa mama ndiye anayelalamika maungo. Tangu baba afe, msimu wa mvua uliopita, ilikuwa imesimama kwenye banda la nyuma bila kuwashwa. Na kwetu Ambalangoda, mji wa pwani, chumvi ya bahari huingia hata kwenye sukari. Nilipofungua bonneti nilikuta kila kiungo cha waya kimeota ukungu wa kijani, vichwa vya betri vimefura unga mweupe, na kisanduku cha fyuzi kinafanana na kitu kilichookotwa baharini.

Baba hakuwa fundi. Alikuwa karani wa posta. Lakini kila siku ya mwezi mpevu, nchi nzima ikiwa mapumzikoni na sisi tumevaa nyeupe kwenda hekaluni, yeye alibaki na Morris. Alifungua kitu kimoja tu cha umeme, akakisafisha, akakikausha, akakirudisha mahali pake, akafunga bonneti. Havikuwa viwili hata siku moja. Nyaya za gari lile zimevikwa uzi wa pamba, na rangi zake zimefifia hadi zote zimekuwa rangi ya chai. Ukifungua nyingi pamoja hujui tena upi unakwenda kwenye taa na upi kwenye honi. Mama alikuwa akisema mume wake naye ana hekalu lake, ila la kwake lina harufu ya petroli.

Mimi sikuwa na miezi mipevu ya kutosha. Harusi ilikuwa inakuja. Isitoshe, upande wa bwana harusi ulikuwa na shangazi.

Shangazi Somalatha ndiye aliyemlea Ranmal, mchumba wa Hansani, na kwa hiyo humlea bado. Alikuwa amekwisha kukodi gari jeupe lenye maua na kiyoyozi. Hansani alipomwambia habari za Morris, shangazi aliweka sharti hapo hapo kwenye simu. Atakuja kwetu siku moja kabla ya harusi, alasiri, asikie gari linawaka kwa funguo, mara ya kwanza, bila kusukumwa. Likikataa, Hansani atapanda jeupe na mjadala utafungwa. Gari linalokataa kuondoka na bibi harusi ni nuksi, na nuksi haiingii katika ukoo wao. Hansani alikubali. Alipokata simu alinitazama mimi, kwa sababu kaka mwingine hana.

Aliniuliza kama ninaelewa maana yake. Nikamwambia ninaelewa: nikishindwa, atafika ukumbini bila jasho. Hakucheka. Alisema polepole, "Baba alikuwa anitoe yeye. Sasa nimebakiwa na gari lake tu, Vidura."

Hapo palikuwa pahali pa mimi kusikitika. Nilijipekua nikakuta hamna. Ndivyo nilivyokuwa tangu mazishi. Watu walinisubiri nilie wakachoka. Siku ya kuchoma maiti nilipanga viti. Kwenye sadaka ya siku ya saba nilibeba vyakula vya watawa, na kwenye sadaka ya miezi mitatu nilibeba vilevile, nikawachekesha wapishi. Mjomba mmoja aliniambia nina moyo wa jiwe, nikamjibu kwamba jiwe lina faida yake, halivuji. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu ulioukalia, ila mguu huanza kukuchoma baadaye ukajua unaamka. Mimi sikuchomwa na chochote.

Basi nikafanya kazi. Nilichomoa betri kwanza, maana hilo hata mtoto wa darasa la pili alilijua nyumbani kwetu. Kisha nikafungua vyote kwa pamoja, jambo ambalo baba hangelifanya, nikafunga kila waya kipande cha plasta na kuandika jina lake. Nilitoa kisanduku cha fyuzi, vibano vya betri, vile vijibomba vya shaba vinavyounganisha nyaya, platini za kuchochea cheche, na ule utepe uliosukwa kwa nyuzi za shaba unaofunga injini kwenye bodi ili umeme upate njia ya kurudi betrini. Nikavipanga vyote kwenye sinia, nikaliweka baraza ya nyuma. Kisha mama akanituma nikachukue viti kwa jirani.

Barazani hapo alikuwa amekaa nyanya, mama yake baba, anasugua taa ya shaba ya sherehe, ile ndefu yenye jogoo kichwani, inayowashwa siku ya harusi. Kuisugua aliruhusiwa. Kuiwasha hakuruhusiwa, kwa sababu ni mjane, na mjane haweki mkono kwenye jambo la heri. Mama naye tangu baba afe alikuwa ameingia katika orodha hiyo.

Niliporudi, sinia lilikuwa linang'aa. Kila kipande kilikuwa kama kimenunuliwa jana. Nyanya aliniambia nisifikiri ni mimi tu ninayejua kazi katika nyumba hii, nyani wewe. Nikamwambia nitamtafutia ajira gereji. Kama ningekuwa mtu mwenye akili zake siku zile, ningemuuliza amesugulia nini. Sikuuliza. Nilihisi harufu ya mafuta ya nazi, lakini nyumba nzima ilinuka mafuta ya nazi, mama na jirani zake walikuwa wanakaanga maandazi ya harusi tangu asubuhi. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikakaza skrubu, nikawasha. Morris ikakohoa, ikawaka. Hata vile vimkono vya kuonyesha kona, vinavyochomoka ubavuni kama masikio ya mbuzi, vilichomoka vyote viwili. Hansani alilia kwa furaha, mama akalia kwa mengine, nyanya akatazama mikono yake kwa kiburi. Mimi nilizima, nikaenda kuoga.

Mvua ikanyesha siku kadhaa. Sikuligusa tena gari, maana mambo ya viti, sahani na wajomba yalinimaliza.

Alasiri ya kuamkia harusi, Shangazi Somalatha aliwasili na Ranmal na sari mbili za akiba. Ni mwanamke mwembamba anayetembea kama anapima kiwanja. Alikunywa chai, akasifu maandazi kwa tahadhari, akasema sasa tusikie hilo gari. Tukatoka wote hadi bandani. Nikakaa nyuma ya usukani, nikavuta kishikio cha choki, nikazungusha funguo.

Kulisikika tiki moja.

Nikazungusha tena. Tiki, na taa ya dashibodi ikafifia. Mara ya tatu nilishikilia zaidi, na kutoka kwenye kishikio cha choki, pale pale mbele ya goti langu, ukaanza kutoka moshi mwembamba wa buluu. Ranmal aliruka nyuma. Shangazi hakuruka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa tumeona kwa macho yetu.

Niliachia funguo, nikafungua bonneti, na nikajua kabla sijaigusa. Ule utepe wa shaba ulikuwa umegeuka kijani hadi ndani ya msuko, unavunjika kama bizari kavu ukiukunja. Umeme wa stata ulikosa njia ya kurudi ukatafuta nyingine, ukapita kwenye waya wa choki. Vibano vya betri vilikuwa na utando wa kijani. Na kwenye kisanduku cha fyuzi kulikuwa na sisimizi. Si wachache. Walikuwa na barabara yao, wameingia kwenye bakuli la platini, wamefia katikati ya zile ncha mbili zinazotakiwa kugusana. Walikuja kwa mafuta ya nazi. Na ile kijani ilikuwa ya ukwaju. Nyanya alikuwa amesugua kila kitu kama anavyosugua taa: ukwaju na majivu, kitambaa, halafu tone la mafuta ya nazi ili kisishike kutu. Utepe aliuloweka mzima, maana ulikuwa mchafu zaidi. Taa ya shaba haina shida na hayo, kwa sababu haina kazi ya kupitisha umeme na haina pa kuficha asidi.

Nilimtazama nyanya. Alikuwa anatazama sisimizi. Aliona, na alielewa haraka kuliko nilivyotaka.

Shangazi Somalatha akauliza ni nani alivigusa hivi vitu. Aliuliza tu, lakini macho yake yalikuwa tayari yamekwenda kwa mama, yakapita, yakatua kwa nyanya, kwenye sari yake nyeupe. Kila mtu bandani alijua swali lilikuwa nini. Mkono wa mjane kwenye gari la bibi harusi, kisha moshi. Kwa habari hiyo shangazi asingeishia kuliondoa gari letu tu. Kuanzia hapo, kila mtoto atakayechelewa kutembea katika ndoa ile angekuwa kazi ya nyanya.

Nyanya akafungua mdomo.

"Ni mimi, shangazi," nikasema. "Nilisoma kwenye simu kwamba soda ya chupa inatoa kutu. Nikaviosha kwa soda. Ndiyo maana sisimizi wamekuja na familia zao."

"Soda?" akasema shangazi.

"Ya machungwa. Nyeusi ilikuwa imekwisha, niliinywa."

Ranmal alicheka, akaona hacheki mtu mwingine, akaacha. Shangazi alinitazama kama unavyotazama samaki unayemshuku. Mwishowe akasema ujinga wa kijana si nuksi, ni ujinga tu, lakini makubaliano ni makubaliano. Gari jeupe litakuja asubuhi na litasimama getini. Hansani akamwambia, kwa adabu zote, kwamba lije lisimame, na ikiwa Morris haitawaka saa ile atalipanda bila neno. Aliomba apewe usiku huo tu. Shangazi alikubali kwa sababu mbele yake alimwona kijana aliyeosha gari kwa soda, akajua hana cha kuogopa.

Walipoondoka, nyanya hakuniangalia. Aliingia ndani. Nikafikiri amekwenda kulala. Alirudi na kigoda, akakiweka pembeni ya gudurumu la mbele, akakaa.

"Kwa nini umeninyang'anya?" akaniuliza.

Nilimwambia sikumnyang'anya kitu, nimembebea.

"Mama yako alipewa mapishi. Wewe ukapewa viti. Dada yako ana harusi yake. Mimi nikaambiwa, nyanya, wewe kaa tu. Mwanangu amekufa mimi nikaambiwa nikae tu. Nikaona sinia. Nikasema hivi ni vya kwake, vichafu, nitavifanya vizuri." Alikunja kitambaa magotini, akakikunjua. "Sasa hata hilo kosa si langu tena."

Nikamwambia kama anataka kosa lake, basi alifanyie kazi, maana mikono miwili haitatosha na giza linakuja.

Akauliza afanye nini.

Safari hii tulikwenda kama baba, kimoja kimoja. Nilifungua kiungo kimoja, nikampa nyanya. Yeye alikitumbukiza kwenye maji ya moto yenye magadi, yakatoa povu pale yalipokutana na ukwaju uliobaki, akakisugua kwa mswaki, akakisuuza kwa maji safi, akanirudishia. Nilikikausha kwa draya ya nywele ya Hansani, ambaye alikuwa ndani anapakwa hina na akapiga kelele kuulizia draya yake mara kadhaa bila kujibiwa. Nikapitisha msasa laini hadi shaba ikawa nyekundu, nikakifunga mahali pake na kukikaza. Kisha, juu yake kikiwa kimekwisha kukazwa, mafuta ya mgando kidogo ya kuzuia hewa ya chumvi. Nyanya alitaka kujua kwa nini haya ya mgando yanafaa na ya nazi hayafai. Nikamwambia haya hakuna mdudu anayeyala. Akasema basi na yeye ataanza kujipaka, wajukuu wamemla vya kutosha.

Platini hazikupakwa chochote. Nilipitisha kipande cha kadi ya mwaliko wa harusi kilicholoweshwa spiriti katikati ya zile ncha, nikakivuta kikatoka na sisimizi, nikarudia hadi kadi ikatoka safi. Utepe ulikuwa hauponi tena. Jirani yetu, anayechomelea mageti, alitukatia kipande cha waya wake mnene, akavibana vichwa viwili vya shaba, akatuambia tuisalimie soda ya machungwa. Habari ilikuwa imekwisha kufika mtaani.

Tulimaliza mwanga ukiwa bado upo kidogo. Nilirudisha betri, nikazungusha funguo, ikawaka. Kishikio cha choki kilikuwa baridi. Nyanya aligusa bonneti kwa kiganja, akakiacha pale injini inaponguruma. Nilizima. Tukaenda kula.

Asubuhi gari jeupe lilikuwa getini na maua yake. Morris nayo ilikuwa uani, imeelekea kaskazini, ina utepe mmoja mweupe kwenye pua, na ndimu chini ya kila gurudumu ili zipondwe tunapoanza, kufukuza nuksi. Hansani alitoka akiwa amevaa sari ya bibi harusi ya mtindo wa milimani na vito vya kutosha watu wawili. Alipiga magoti mbele ya mama akampa majani ya tambuu, kisha mbele ya nyanya. Mpaka hapo wajane walikuwa wanaruhusiwa. Halafu Shangazi Somalatha akaanza kupanga watu. Mwanamke mmoja mwenye mume na watoto akasimama mbele na chungu kilichojaa maji na maua. Mvulana akashika fataki. Mama na nyanya wakaambiwa, kwa upole, waingie jikoni hadi gari lipite, na wakaingia. Mama alikwenda kabla hajamaliziwa sentensi. Tangu baba afe amekuwa mwepesi wa kutii vitu vya aina hiyo.

Nikakaa nyuma ya usukani. Hansani akakaa nyuma. Shangazi alisimama kando ya dirisha langu na simu mkononi, anaangalia saa. Alipoinua kidole nikazungusha funguo, na Morris ikawaka mara ya kwanza, kama kwamba haijawahi kumwaibisha mtu. Uso wa shangazi haukubadilika, lakini alipumua. Nadhani hata yeye hakutaka moshi.

"Haya, nendeni," akasema. "Saa ni hii."

Niliingiza gia.

"Usiende," akasema Hansani.

Nikamtazama kwenye kioo. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni.

"Kiti cha mbele hakina mtu," akasema. "Hapa nyuma pia pana nafasi. Vidura, kawalete."

Shangazi akasema hapana. Akasema saa inapita, akasema jambo hili halifanyiki, watu watasema, na akamwita Hansani "mwanangu" kwa mara ya kwanza. Hansani alimjibu kwamba sharti lilikuwa gari liwake, nalo limewaka. Kuhusu abiria hawakukubaliana lolote. "Baba hayupo wa kunitoa," akasema. "Atanitoa mama yake na mke wake. Au nitakaa humu humu hadi saa ipite, na nuksi itakuwa yangu mwenyewe, si ya mtu."

Nilitoa gia, nikaiacha injini ikinguruma, nikashuka. Jikoni mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amesikia kila kitu, tayari anafuta mikono. Nyanya alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele. Alisema haendi, Hansani asitufanyie hivi siku ya leo. Nikamwambia gari lina waya mpya ambao yeye ndiye aliyeushika wakati naukaza, na ukikorofisha njiani sitamweleza jirani peke yangu. Akasema nimekosa adabu. Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi, na ulikuwa na harufu ya magadi.

Walipotokea uani wageni walipisha njia. Mwanamke mwenye chungu alimtazama shangazi ili ajue asimame au akimbie. Shangazi hakumtazama. Alikuwa anatazama simu. Mama alikaa nyuma karibu na Hansani, akiwa amekunja mabega kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Nyanya alikaa mbele. Nikafunga mlango wake, nikazunguka, nikaingiza gia, ndimu zikapondeka, fataki zikalia, Morris ikatoka getini ikipita ubavu wa gari jeupe. Shangazi Somalatha hadi leo anasema saa ya heri ilikuwa imekwisha pita. Sisi tunasema ilikuwa bado. Simu yenyewe ilikuwa mkononi mwake, hakuna mwingine aliyeiona.

Njiani mama alishika mkono wa Hansani na kuuachia tu pale alipotengeneza vito vyake. Kwenye makutano ya barabara ya Galle dereva wa basi alitupigia honi na kutupungia, na abiria wake wakageuka wote. Nyanya naye aliwapungia, kidogo, kama malkia aliyechelewa. Mimi niliangalia mshale wa umeme wa betri. Ulikuwa mahali pake.

Ukumbini wapiga ngoma walikuwa wakingoja, na Ranmal amesimama kwenye ngazi na taji lake linalomzidi kichwa. Watu walikuja wakafungua milango ya nyuma, wakamtoa Hansani, wakamtoa mama, ngoma zikaanza, msafara ukapanda ngazi. Gari jeupe liliingia nyuma yetu na shangazi peke yake kwenye kiyoyozi. Alishuka, akapita karibu na dirisha la nyanya, akasimama, akamwambia ngazi zinateleza, aje polepole. Kisha akaendelea.

Nyanya hakushuka. Nami sikuzima injini.

"Zima," akasema. "Tunachelewa."

"Nazima."

Mkono wangu ulikuwa kwenye funguo. Gari lilikuwa linatetemeka taratibu, lile tetemeko lake la siku zote, usukani, kiti, kioo, na nyanya pembeni yangu, mashavu yake yakitetemeka nalo. Ndani ngoma zilikuwa zimebadilisha mdundo, wamefika jukwaani. Nyanya hakurudia kuniambia. Alifungua pochi yake, akatoa leso, akaiweka juu ya dashibodi mbele yangu bila kunitazama, kisha akakunja mikono na kukaa.

Sikuihitaji, machozi hayakuja, ila kulizima gari la baba sikuweza. Niliiacha pale. Tulikaa hivyo, injini ikinguruma, hadi mtu alipokuja kugonga kioo kutuita.